Ng'ombe Asiyekuwa Wetu

Nyumbani kwetu Hirbadaw tulikuwa na ng'ombe mmoja, na hakuwa wetu. Mwenyewe alikuwa mzee wa kijiji kile kile, mtu wa mifugo mingi, aliyemleta kwa mama baada ya baba kufariki. Ndivyo watu wetu walivyofanya tangu zamani: mwenye ng'ombe wengi huwaweka kwa wasio nao wawatunze. Maziwa unakunywa, samadi unapeleka shambani, ndama ni wa mwenyewe. Sharti lilikuwa moja tu, humtaji mwenye mali mbele za watu. Wenye mifugo hawakupenda idadi yake ijulikane.

Maziwa yale ndiyo yaliyotulea mimi na dada yangu. Zaidi ya hapo hatukuwa na kitu. Sweta lilikuwa moja kwa wawili, na siku dada akilivaa mimi nilikwenda shule nikitetemeka, maana baridi ya asubuhi kule haina utani.

Mwaka dada alipochaguliwa kwenda sekondari, mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mpya na kila kitu kilikuwa cha kununua: ada, sare, godoro, hata jembe la kwenda nalo shuleni. Ndipo ikatangazwa kwamba watoto wa kaya maskini kabisa watasomeshwa. Dada akafua sare yake ya shule ya msingi, akaianika, kana kwamba anaondoka kesho. Nilifurahi, na wivu nilikuwa nao pia.

Kamati ya kukagua kaya hizo ilikuja asubuhi, dada akiwa kisimani. Alikuwepo bwana mmoja aliyekuja kwa pikipiki kutoka wilayani Katesh, mwenye karatasi, na mjumbe mmoja wa kijiji. Mjumbe huyo alikuwa ndiye yule mzee mwenye ng'ombe.

"Shikamoo, mama," alisema yule bwana.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

Alitazama nyumba, akatazama jiko lisilo na moto, akaandika. Kisha akamwona ng'ombe.

"Na huyu, mama, ni wa kwako?"

Mama alimtazama mzee. Mzee alikuwa anachorachora chini kwa fimbo yake.

"Yuko hapa," mama akasema.

"Naona yuko hapa. Ni wa nani?"

Mama akaangalia tena fimbo ya mzee. Yule bwana akanigeukia mimi, mtoto wa miaka tisa niliyeshika koleo la samadi. "Eti, huyu ng'ombe ni wenu?"

Shuleni nilikuwa nimeshawatambia wenzangu kwamba kwetu tuna ng'ombe. Ningesemaje?

"Ndiyo, ni wetu," nikasema. "Mimi ndiye ninayemchunga."

Akaweka alama. Hakuuliza ndama anachukuliwa na nani, wala jana tulikula nini. Karatasi yake ilikuwa na nafasi ya ndiyo na nafasi ya hapana, basi. Wanasema aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Hawasemi kwamba mwenye njaa naye hujifanya ameshiba. Nchi inayotaka kuwajua watoto wake maskini ingevuta kigoda, ikae mpaka saa ya chakula. Siamini kama itakaa. Kamati nilizoziona tangu siku ile zote zinahesabu zikiwa zimesimama mlangoni.

Majina yalipobandikwa ofisi ya kijiji, la dada halikuwamo. Alirudi nyumbani analia.

"Mama, kwa nini hukusema ng'ombe si wetu?"

Mama aliniangalia kidogo, kisha akamwangalia yeye. "Kuna maneno hayasemwi, mwanangu," akajibu.

Mwaka uliofuata mzee alikuja kumchukua ng'ombe wake. Dada akaanza kulima vibarua katika mashamba ya watu, na vibarua hivyo ndivyo vilivyonisomesha mimi mpaka nikamaliza. Dada alimlaumu mama miaka yote. Hata siku tuliyomzika, udongo ukiwa bado mbichi, dada aliniegemea begani akasema laiti mama angefungua mdomo mara moja tu. Nilimshika mkono, na mpaka leo sijamwambia kwamba aliyejibu siku ile ni mimi.