Siku Shujaa Alipomkimbia Lipiko

Mimi uandishi hakunifundisha mtu. Nilisoma vitabu vya mitumba pale Chikongola, vya mashujaa na majini, nikaona mashujaa wote kama wanazaliwa wakubwa. Bibi yangu naye hivyohivyo: shujaa wa hadithi zake alivuka Ruvuma kwa miguu, maji yakampisha, ila utoto wake hausimulii. Ikaniudhi. Nikasema utoto huo nauandika mimi, kwa ajili ya watoto wa mtaani kwetu Chuno, na rafiki yangu wa Mikindani achore. Jumamosi tuwasomee uani kwa bibi. Uani ni kwake, kwa hiyo akikataa, basi tena.

Ijumaa mchana nikamsomea, rafiki yangu kando yangu na michoro yake. Shujaa ana miaka tisa, hajaenda jando. Kwenye ngoma anamfuata lipiko, yule mzimu wa kinyago ambaye wanawake na watoto wote humkimbia. Nyuma ya nyumba mzimu anavua kinyago, anakunywa maji. Kumbe ni baba yake. Rafiki yangu alishachora uso ule, na jasho lake.

Bibi akaacha kumenya muhogo.

"Mwenzio si Mmakonde. Kayajuaje ya jandoni?"

"Nimemwambia mimi. Yeye usimguse, bibi. Kwanza kila mtu anajua mle ndani kuna mtu."

"Punguza sauti, mume wangu, mimi si kiziwi. Kila mtu anajua. Na kila mtu anakimbia. Kwa nini?"



Akatuambia kwamba alipokuwa binti alimwona lipiko anamjia, vumbi, njuga, akatazama chini akaona kidole gumba cha mguu hakina kucha. Cha kaka yake. Jembe ndilo lililomkata, na bibi mwenyewe ndiye aliyemfunga kitambaa.

"Nilikimbia kuliko wote," akasema. "Ningesimama, angekuwa kaka yangu tu kavaa matambara. Nilipokimbia, nikausikia mzimu mgongoni, mzimu kweli. Mpaka leo nausikia."

Jando nimepita, mapiko nimewaona nyuma na mbele, na bado sikujua kwamba mzimu unatengenezwa na wanaoukimbia.

"Sasa bibi, kesho tusome?" rafiki yangu akauliza kwa adabu.

"Hao watoto hawajaenda jando. Mkiwavulia kinyago kesho, jandoni wataenda kuona nini?"

Nikauchana ule ukurasa mwenyewe. Na sikununa, mama yangu mpaka leo haamini. Rafiki yangu akachora upya: vumbi, njuga, mtoto kachanja mbuga.

Jumamosi nilipofika kwenye ukurasa huo, watoto wakaacha kutafuna muhogo wa bibi.

"Kumbe shujaa mwoga," mmoja akasema.

Damu ikanipanda. Nilitaka kumweleza yote, neno kwa neno. Nikamtazama bibi. Alikuwa ameshika khanga yake kwa mikono miwili, kaipandisha juu ya magoti, kama mtu anayetaka kutoka mbio.

Nikafungua ukurasa unaofuata.