Mkato wa Mama

Mama yangu alifundisha hesabu huko Djugu mpaka vita vikatufukuza tukaja kupanga mtaa wa Nyakasanza. Alikimbia amekumbatia kuku wa mbegu aliyoachiwa na mama yake. Hapa mjini ugonjwa wa kideri ukawafagia wote, yakabaki mayai yao ya mwisho. Mimi fundi wa umeme nikajigamba: nitayaangua.

Nikaunda couveuse, mashine ya kuangulia, ndani ya friji bovu. Humo kulikuwa na taa ya joto, pampu ndogo ya kunyunyiza maji, na kidude cha kuziongoza kinachopokea amri kutoka kwenye kompyuta kwa waya. Amri ni mstari mmoja: namba ya joto, alama ya mkato, kisha namba ya unyevu. Niliandika 37.5,55 nikaenda kuchota maji, nikimwachia mama abonyeze. Kidude kikajibu “OK”.

Taa ikawaka, pampu ikalala. Kila siku hewa ya mle ilizidi kukauka, nami nikamwaga hasira zangu kwenye waya. Nikabadilisha kebo. Nikageuza nyaya za kutuma na kupokea, kompyuta ikawa bubu, nikazirudisha. Nikapima kama pande zote mbili zinasema kwa kasi moja. Mstari wenyewe niliutuma tena na tena nikiutazama, na jicho langu halikuona kosa, kwa kuwa ni mama aliyelifundisha kusoma namba.

Mwisho, siku ya ishirini na moja ilipopita bila yai hata moja kupasuka, nikakiamuru kidude kirudie kilichosikia. Kikaandika: joto 37, unyevu 5.

“Nani aliweka mkato hapa?” nikapiga kelele.

“Ni miye,” mama akasema. “Ulikuwa umekosea. Point njo ya kumaliza phrase. Chiffre inaombaka virgule.”

Nilicheka kwa furaha ya fundi aliyeshika ugonjwa. Nikamweleza yote, mjinga mimi: kwamba kidude hakikusoma shule zetu za Kifaransa, ambako desimali huandikwa kwa mkato wala si kwa nukta, kwamba kwake mkato ni ukuta kati ya namba na namba, na ile tano yake ndiyo iliyozima maji. Nikapasua yai moja kumwonyesha. Kifaranga kilikuwa kimekamilika, na manyoya, kimegandia ganda kwa ukavu. Mengine yote yalikuwa hivyo hivyo.

Mama akavua miwani.

“Kumbe ni mukono yangu.”

Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu hayakungoja kuzaliwa. Yalinishika pale pale, yai mkononi. Ningesema ni waya. Waya ungekubali lawama, na mama angewalilia kuku wake tu.

Mwanangu bado anampelekea kazi za shule. Zamani mama hakuvumilia hata kibao cha duka kilichoandikwa vibaya. Juzi nilimwona akisimamisha kidole juu ya jibu lililokosewa, kosa la wazi kabisa. Akakitoa kidole, akamrudishia mtoto karatasi.

“Uliza baba yako,” akasema. “Miye sijue tena.”