Mkia Nyuma ya Lori la Mume Wangu

Mimi si mtu wa kuamini haraka. Mama alinilea hivyo, na kuuza chai kando ya barabara ya Mombasa kukamalizia kazi. Kaa pale kituo cha Salama mwaka mmoja tu, usikie watu wanavyodanganya huku wakitafuna mandazi, na wewe utaanza kuipima hata salamu kabla ya kuiitikia. Kwa hiyo siku yule bwana wa barabara alipotokea na mkebe wake wa rangi, mimi ndiye niliyetoka nje wa kwanza, mwiko mkononi.

Ilikuwa miaka ya sabini ikielekea ukingoni. Alipiga mstari mweupe juu ya lami karibu na kalvati, lile bomba la maji chini ya barabara, akatembea polepole hadi kwenye kona, akapiga mwingine. Halafu akaja nyuma ya hoteli yangu, akapanda kile kijilima cha mawe, akafungua mwavuli na kuketi. Shingoni alikuwa amening'iniza saa ya kubonyeza, ile ya walimu wa michezo. Asubuhi nzima hakusema na mtu. Anatazama barabara, anabonyeza, anaandika, anatazama tena.

Kila mtu Salama alikuwa na jibu lake. Wengine walisema ni mashamba yanapimwa yachukuliwe. Wengine walisema ni askari kanzu, anatafuta magendo. Mzee wa kanisa letu alituombea Jumapili tusiwe na hofu, na hapo ndipo tulipoogopa kabisa.

Mimi hofu yangu ilikuwa nyingine. Kwetu Ukambani mtu hahesabu watoto wake kwa sauti, wala ng'ombe wake wakiwa zizini. Ni kuita mabaya. Tumeokoka, ndiyo, lakini hata muumini wa kiti cha mbele ukimuuliza ana watoto wangapi atakwambia Mungu amempa wachache, basi. Na huyu mtu alikuwa juu ya jiwe akihesabu magari ya watu, watu wakiwa ndani! Mume wangu alikuwa dereva wa lori kati ya Mombasa na Nairobi, na utingo wake alikuwa kaka yangu mkubwa, tumbo moja. Anayehesabu malori ananihesabia hao wawili.

Nilimpandia kule juu siku ya pili.

"Bwana, hapa kwetu hatuhesabiwi."

Akacheka. Nikamwona meno yaliyochongwa, nikajua ni mtu wa kwetu hata kabla hajasema.

"Mama, mimi ni wa Kitui, Kwa Vonza. Mama yangu angenitoa ngozi. Sihesabu wanaopita."

"Na hiyo saa ni ya mapambo?"

"Natazama mara moja tu, kati ya mstari ule na ule, magari yamebanana vipi. Halafu napima mwendo wao. Ukijua yamebanana vipi, na yanakimbia vipi, unazidisha, unajua kwa saa moja yanapita kiasi gani. Bila kumhesabu mtu."

Nilimwambia huo ni ujanja wa kuhesabu kwa mlango wa nyuma. Akasema labda. Nilimpenda kidogo kwa kukubali, nikampelekea chai, lakini nikamwekea ile ya chini ya sufuria.

Basi tukazoeana. Akishuka kula muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, alinieleza kazi yake kama mtu anayeeleza ng'ombe wake. Kwamba barabara ikiwa tupu magari yanakimbia lakini ni machache. Ikijaa pomoni yako mengi lakini hayaendi, kwa hiyo pia yanayopita ni machache. Kwamba mahali fulani hapo katikati ndipo barabara inafanya kazi vizuri. Na kwamba kukiwa na msongamano huko chini, tuseme Makindu, sisi Salama tutaujua bila kuambiwa: barabara itakauka kwanza, kisha magari yatafika yote kwa pamoja, pua kwa mkia.

Nilisikiliza hayo kwa adabu mpaka hilo la mwisho. Hilo lilinichoma.

Kwa sababu mume wangu alikuwa ameanza kuchelewa. Tajiri wao alikuwa na malori matatu, na yalikuwa yakipakia Mombasa siku moja na kuondoka pamoja. Zamani yalifika pamoja pia, matatu yamefuatana, na mimi nikisikia honi yake kule kwenye kona nilikuwa naweka chai motoni. Sasa madereva wale wawili walikuwa wanafika, wanakula, wanapanguza midomo na kuondoka, na baba watoto bado. Anaingia jua limeshapinduka. Nikimuuliza, jibu ni lile lile.

"Barabara imejaa, mama watoto. Magari ni mengi siku hizi."

"Na wenzako wamepita wapi? Hewani?"

"Wao walitangulia."

Kaka yangu naye alikuwa anapata njaa ya ghafla kila ninapouliza. Kichwa ndani ya sahani, hakiinui. Na mume wangu akaanza kuniletea mapapai. Mapapai! Mwanamume ambaye tangu nimjue hajawahi kununua hata kitunguu. Niliuliza ni ya wapi, akasema Kiboko. Nikawauliza wale madereva wawili walimwacha wapi, mmoja akatazama kikombe chake, mwingine akasema, "Alibaki Kiboko kidogo, anapumzika." Ala! Kupumzika!

Sikuhitaji zaidi. Huyo mwanamke wa Kiboko nilimuumba mwenyewe kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa. Nilimpa kazi pale stesheni ya utafiti wa kilimo, nyumba ya mawe, na mpapai dirishani. Nilikuwa nikikanda unga wa mandazi namkanda yeye. Nyumbani nilinusa mashati. Hayakuwa na harufu yoyote ila dizeli na jasho, na hilo nalo nikaona ni ujanja, kwamba wanafua kabla hajaja. Wivu ni ugonjwa, jamani. Nilikuwa nikiamka nimechoka kuliko nilivyolala.

Siku moja, baba watoto akiwa amepita jana yake na ile hadithi ya barabara kujaa, nilimpandia bwana wa barabara na chai ya juu, ya maziwa mengi.

"Hebu niambie ukweli. Jana barabara ilikuwa imejaa?"

Akafungua karatasi zake. "Jana? Jana palikuwa peupe, mama. Magari machache, mwendo mzuri."

"Na huko chini? Makindu, Kiboko?"

"Kungekuwa na shida ningeiona hapa. Nimekueleza."

Nilitaka niwe nimekosea, kumbe nilikuwa sawa, na kuwa sawa kuliniuma kuliko nilivyodhani. Nikageuka nishuke kabla hajaona machozi.

"Isipokuwa ule mkia," akasema.

"Mkia gani?"

"Kuna siku, baada ya chakula cha mchana, barabara ni nyeupe kabisa, halafu magari yanakuja yamebanana nyuma ya lori moja. Lori linatambaa tu. Mbele yake hakuna kitu, nyuma yake dunia nzima. Linaniharibia hesabu kila mara."

"Lori la rangi gani?"

"Kichwa cha buluu."

La mume wangu lilikuwa la buluu.

Mngefikiri hapo ningeelewa. Wapi! Mtu mwenye shuku haoni kingine. Nilichoelewa ni kwamba baba watoto anajikokota makusudi. Anatoka kwa yule mwanamke wake, na kila akikaribia kwangu moyo wake unakataa kufika. Lori zima la mzigo, na yeye analivuta kama mtu anayepelekwa shambani kwa fimbo. Hilo liliniuma kuliko hata mapapai.

Safari iliyofuata niliwangoja wale madereva wawili wamalize kula na waende. Nikafunga jiko, nikavua aproni, nikajifunga leso kiunoni, ile nyekundu aliyoninunulia yeye mwenyewe. Nikaenda kusimama kando ya lami, kwenye mstari mweupe wa kule kwenye kalvati, mikono kiunoni. Maneno nilikuwa nayo tayari. Nilitaka anione kwa mbali, ajue leo ni leo, na kwamba uongo mwingine hautamfaa.

Likatokea kwenye kona. Aiya! Bwana wa barabara hakutia chumvi. Lori lilikuja mwendo wa kinyonga, na nyuma yake basi, na matangi ya mafuta, na magari madogo yakichungulia yapite na kurudi. Honi kila upande. Mbele yake lami tupu mpaka kwangu. Kaka yangu alikuwa ametoa kichwa na mabega yote nje ya dirisha, akisema kitu mfululizo bila kupumua, kama mtu anayemsomea mwenzake barua.

Mume wangu alikuwa amekaza macho mbele. Akanitazama. Nasema akanitazama, uso kwa uso, mchana kweupe, mimi na leso yangu nyekundu. Na uso wake haukubadilika hata kidogo. Alinitazama kama anavyotazama nguzo. Halafu akapiga honi, ile kali ya kufukuza mbuzi, kwamba huyo mama aliyesimama hapo atoke njiani.

Alikuwa hajanijua.

Maneno yote niliyokuwa nimeyapanga yalinitoka. Niliona midomo ya kaka yangu ikitamka, "Ni yeye, ni dada, simama," na lori likaanza kutafuta pembeni, gurudumu likipapasa ukingo wa lami. Likasimama. Wale wa nyuma wakapita mmoja mmoja, wengine wakitutukana mpaka wakapotea.

Kaka yangu aliruka chini kwanza. Nilimkamata shati.

"Tangu lini?"

"Dada, si hapa."

"Nimekuuliza tangu lini!"

"Tangu mvua za mwaka jana. Ni ukungu, macho yote mawili. Njia anaiona, watu hawaoni vizuri. Jua likiwa kali tunangoja Kiboko mpaka lipungue."

"Na wewe unapanda humo naye kila siku?"

"Nani angepanda?" akasema. "Nikiacha, atakwenda peke yake."

Niliwahi kumpiga kaka yangu tukiwa wadogo, na siku hiyo nilimpiga tena, kofi moja la begani, kisha nikamshikilia hapo hapo nisianguke. Nililia kwa hasira. Miezi yote hiyo nilikuwa nimemwekea mume wangu mwanamke, na ningeshukuru, haki ya Mungu, ningepiga magoti nishukuru kama angekuwa mwanamke. Mwanamke ningemfuata Kiboko nikapigana naye. Hili ningelifuata wapi? Alikuwa hajui kazi nyingine. Tajiri akisikia, atamtoa siku hiyo hiyo. Asiposikia, ule mkia siku moja ungempanda mgongoni, na kaka yangu ndani.

Tuliingia hotelini. Bwana wa barabara alikuwa ameshashuka kwa zile kelele, amesimama karibu na meza akiwa hajui aondoke au abaki. Mle ndani kulikuwa na giza la moshi kwa mtu anayetoka juani. Mume wangu alipapasa benchi kabla ya kuketi. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo mara ngapi, nikafikiri anapangusa vumbi.

"Nipe safari hii tu," akasema. "Nifikishe mzigo Nairobi, halafu tutaongea."

"Hakuna."

"Mama watoto, ni hapo tu mbele."

"Hata geti la hapo nje hupiti. Nipe funguo."

Kaka yangu alikuwa mlangoni, ametupa mgongo. Mimi nilikuwa karibu na jiko. Nilitaka akatae, anitukane, anifanye niwe mbaya. Lakini alitia mkono mfukoni, akazitoa, akainuka na kuzinyoosha.

"Haya. Zichukue," akasema kwa upole, akimtazama bwana wa barabara. "Usilie, mama watoto."

Yule bwana alinitazama. Nikamtikisia kichwa asiseme kitu. Akapokea zile funguo bila kutoa sauti, akavuka kwa ncha za vidole mpaka nilipokuwa, akaziweka kiganjani mwangu.

"Nimezichukua," nikasema.