Mkuki Usiobeba Mzigo

Mwaka mvua ilipokosekana kwao Cangzhou, Qiaozhen na mumewe Shoushan walifunga mlango wakashika njia ya kaskazini, wakaonyeshe michezo ya silaha masokoni wapate kumlisha mtoto wao. Hao walioana kwa sababu Qiaozhen alimbwaga Shoushan mara tatu uwanjani, na zote tatu yule bwana akainuka anacheka. Mwanamke angemwacha vipi mtu kama huyo?

Qiaozhen alibeba panga zake mbili. Shoushan alibeba matandiko, sufuria, unga na mkuki alioachiwa na mwalimu wake. Kwa watu wa kazi hii mkuki haubebi mzigo, wala haurukwi ukiwa chini; ni kuudharau. Kuku akiuruka tu, Shoushan alimfukuza mpaka kwa jirani.

Siku ya nne Lianzi, binti yao wa miaka mitatu, alishikwa na homa. Qiaozhen akambeba mgongoni, mwishowe kifundo cha mguu wake kikateguka. Akajikaza, maana ubishi wa mwanamke yule, we acha tu!

"Mama Lianzi, unachechemea."

"Nacheza ngoma. Tembea."

Vikapu walikuwa navyo viwili, ila mti wa kuvitundika begani hawakuwa nao. Waliotangulia walikata miti yote njiani. Waliokaa kupumzika kando ya njia, wengine hawakuinuka tena. Qiaozhen alijua kinachotakiwa, na aliapa hatakitaja.

Shoushan akasimama. Aling'oa chuma cha mkuki, akampa mkewe.

"Mwalimu, nisamehe," akasema, akauweka uti wa mkuki begani: unga na vyombo huku, Lianzi kule. Uti ukalia, ukapinda.

"Mpagazi wee," Qiaozhen akamtania, machozi yakimtoka.

"Mpagazi wako. Twende."

Walifika kaskazini, na Lianzi akapona. Lakini masokoni watu waliucheka mkuki uliopinda, hata asubuhi moja Qiaozhen akawasha makaa aupashe moto, maana mti ule ukipata joto hunyooka. Shoushan akatoka ndani mbio, kiatu mguu mmoja.

"Acha! Unafanya nini?"

"Naunyoosha, Baba Lianzi. Si wanatucheka?"

"Wacha wacheke! Huo uzito wa mwanangu, unataka kuufuta?"

Akamnyang'anya, akaulaza chini, akaupapasa pale palipopinda. Lianzi akaja mbio akauruka, hajui hili wala lile. Qiaozhen akashika mdomo.

Shoushan akamtazama mtoto, miguu yake miwili mizima.

"Ruka tena, mama," akamwambia.