Siku Niliyomtetea Mtaliano kwa Pasi ya Mkaa

Hili kovu juu ya jicho langu la kushoto, wateja wapya huwa nawaambia nilipigwa na tsotsi, yaani kibaka, aliyetaka simu yangu kule Marshalltown, wananipa pole, nami napokea. Uongo mtupu. Nilijipiga mwenyewe, kwa pasi yangu mwenyewe, kanisani, Jumapili, nimevaa suti nyeupe.

Mimi ni fundi cherehani hapa Yeoville, kusini kabisa mwa Afrika, lakini kabla ya kukimbia kutoka kwetu Uvira nilifundisha fizikia sekondari (miezi minane tu, ila kanisani wananiita Prof na sijawahi kumsahihisha mtu). Mwaka ule, 2018, binti yangu Furaha alikuwa anachagua masomo ya darasa la kumi na fomu ilitakiwa Jumatatu. Nikamwambia achukue fizikia. Akanijibu, "Papa, wewe unashona masuruali. Fizikia ilikusaidia nini?" Iliniuma, jamani, tena sana.

Kwa hiyo pasta aliponiomba nizungumze na vijana dakika kumi baada ya ibada, nikaona Mungu kanifungulia mlango. Nikawaeleza habari za yule Mtaliano wa zamani (jina lake silitaji tena, nikilitaja tu kuna mtu anashika paji la uso na kucheka), aliyekuwa bado mwanafunzi alipokaa kanisani akitazama taa inabembea, akapima mwendo wake kwa mapigo ya mshipa wa mkono, na baadaye akaelekeza darubini juu akaona miezi inaizunguka sayari ya Mshtarii, na aliposhikilia kwamba dunia ndiyo inayozunguka jua, wakubwa wa kanisa wakamfungia nyumbani mpaka akafa. Ningeishia hapo nikaketi, leo ningekuwa na uso mzima. Lakini nilitaka Furaha aone kwa macho yake.

Nikatoa pasi yangu ya mkaa, ile ninayoitumia siku za umeme kukatwa, nikaining'iniza kwa kamba kwenye boriti ya ukumbi, nikaivuta mpaka ikanigusa paji la uso. "Tazameni," nikasema, "nikiiachia bila kuisukuma itaenda na kurudi, lakini haiwezi kupita hapa ilipoanzia. Sitasogea hata kidogo, na hainiumizi!"

Nikaiachia. Pasi ikaruka kuelekea mstari wa mbele, na Mama Neema, kiongozi wa akina mama wa maombi, alipoiona inamjia akapiga kelele, "Yesu! Tuombe!"

Sasa ndugu zangu, mimi nimelelewa kanisani. Nikisikia "tuombe" kichwa changu kinainama chenyewe, hakiniombi ruhusa. Ukumbi mzima uliinama na kufumba macho, na mimi nikainama, mbele, vizuri kabisa, kwa heshima zote.

Ko!

Nilipofumbua macho nilikuwa sakafuni, kifuniko cha pasi kimefunguka, na majivu ya wiki nzima (fundi gani anatoka na pasi bila kumwaga majivu? ndiye huyu) yamejaa kwenye suti, kwenye nywele, na kwenye kilemba cha Mama Neema. Pasta akatikisa kichwa, akasema kwa huruma, "Mnaona, wapendwa, elimu ya wanadamu ina mwisho wake." Wote wakaitikia amina. Mama Neema, huku anakung'uta kilemba, akasema huyo Mtaliano alikuwa muongo, ndiyo maana walimfungia. Nami nimelala pale, najua fizikia imekwisha nyumbani kwangu.

Furaha akasimama. Mtoto huyu mbele za watu hasemi Kiswahili, ni Kiingereza na Kizulu tu, lakini siku ile alisema kwa Kiswahili.

"Eish, hapana, Pasta. Pasi ilirudi palepale. Papa ndiye alisogea."

"Umejuaje, na sisi tulikuwa tunaomba?" pasta akauliza.

"Mimi sikufunga macho. Nilikuwa naangalia."

 Akina mama wanne walimkemea mtoto wangu kwa kutofumba macho, na kesho yake asubuhi aliijaza fomu kwenye meza ya cherehani yangu, akaandika fizikia, akanipa nitie sahihi.

Mimi nimeapa pasi yangu haitoki tena dukani, na nikialikwa kuzungumza nitazungumza tu. Ila siku hizi pasta akisema "tuombe," nainama kama kawaida, halafu nafumbua jicho moja kidogo nimtafute Furaha, na kila mara namkuta tayari ananitazama.