Zamu ya Nabuyoga

Kabla hajawa mtu wa redio, Adeke alikuwa anapanga foleni ya malori mpakani Busia, na huko ndiko mdomo wake ulikonolewa. Dereva akijifanya kuruka foleni, alimwita "bwana harusi" mbele ya wenzake mpaka anarudi nyuma mwenyewe. Kwa hiyo mradi wa bodaboda za kubeba wajawazito ulipofungua ofisi Mukuju, ukatafuta mtu wa kukaa kwenye redio koli na kuwaelekeza waendesha boda, nani angeshangaa kazi ikimwangukia yeye?

Kazi yenyewe ilikuwa fujo. Wote walitumia chaneli moja, na wawili wakibonyeza kitufe cha kusema pamoja hasikiki hata mmoja, ni mkoromo tu kama nguruwe kwenye gunia. Halafu watu wa huku na salamu zao. Huwezi kuomba gari la mgonjwa kabla hujauliza ng'ombe wa mwenzio wameamkaje. Rasto wa steji ya Busia, pale boda wanapongojea abiria, yeye alikuwa anatusomea hadi matokeo ya mpira.

Adeke akafanya kama admin aliyechoshwa na grupu. Salamu akafuta. Akawa anaita steji moja moja, Nagongera, Busia, Nabuyoga, na asiyeitwa anyamaze. Ukiruka zamu unasutwa hewani, wote wanasikia. Aboth wa Nabuyoga aliruka mara moja, akaambiwa kama ana haraka hivyo basi akazae yeye. Wenzake wakambandika jina: Mama Haraka. Aboth ni mtu wa haya, kanisani hukaa benchi la nyuma kabisa. Hakuruka tena.

Na mpango ulifanya kazi, tusidanganyane. Ujumbe ulifika wote, boda mbili hazikukutana tena mlangoni kwa mgonjwa mmoja, na wakubwa wa mradi walikuja kupiga picha na Adeke, redio mkononi, tabasamu hadi masikioni.

Kisha ikaja asubuhi ya mvua. Aboth alikuwa amembeba mama mmoja, Specioza, uchungu umemjia kabla ya wakati, damu inamtoka, na mbele kijito kimefunika barabara. Pikipiki haipiti. Alihitaji gari la mradi, nalo lilikuwa moja tu, limesimama Mukuju linangoja Adeke aseme liende wapi. Akabonyeza.

Wakati huohuo Rasto alikuwa hewani, anaeleza kwa urefu jinsi tairi lake lilivyopasuka na yeye ana mama mjamzito nyuma. Ofisini Adeke akasikia mkoromo.

"Kama ni wewe, Mama Haraka," akasema, "ngoja zamu yako."

Kuna aliyecheka hewani. Aboth akangoja.

Rasto akamaliza hadithi yake, na gari likatumwa Busia, kwa mama ambaye angeweza kukaa hadi jioni na bado akazaa salama. Zamu ya Nabuyoga ilipofika, Aboth alieleza kwa kifupi, kama alivyofundishwa. Adeke alipiga simu gari ligeuze. Lilimkuta Specioza kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, yeye na mtoto tumboni, wote wamekwisha kufa. Aboth alikuwa amemfunika kwa koti lake la mvua.

Matangani Adeke alimtafuta Aboth. Alitaka Aboth amtukane, ingekuwa nafuu. Aboth alimsalimia kwa mikono miwili, akauliza habari za nyumbani, halafu ndipo akasema, "Dada, si wewe ulisema ningoje? Mimi bado nangoja."

Siku hizi Adeke huacha kimya kila steji ikimaliza. Mwenye shida na aingie, bila kuitwa. Wakubwa wanalalamika kwamba muda unapotea, naye habishani nao. Utani ameacha.

Mara nyingine kwenye kile kimya redio inakwaruza. Mtu amebonyeza, unasikia upepo na pumzi, halafu anaachia.

"Nabuyoga, nakusikia," Adeke anasema. "Sema."

Hasemi. Adeke anangoja kidogo zaidi, kisha anaita Nagongera.