Siku nilimtuma kochi wetu kwa benchi la kuangalia mahindi

Wakuu niaje. Na wale mko darasani na simu chini ya dawati, nyinyi nawasalimia mara mbili.

Leo sina utani. Sawa, niko nao kidogo. Lakini hii stori ilitokea vile vile nawaambia, na nikiongeza chumvi mvue viatu mnirushie.

Niko Form Three, huku nje kidogo ya Machakos town. Nacheza straika kwa klabu ya mtaa. Kochi wetu anaitwa Mutiso, kazi yake ni kuchomelea mageti na madirisha. Mtu mpole, lakini akiweka sheria imewekwa.

Sheria yake kubwa ni hii: mtu mzima akimfokea mtoto kwa mechi, anaenda kukaa kwa benchi fulani mpaka mwisho.

Hilo benchi alilichomelea mwenyewe, akazika miguu yake kwa simiti ili mtu asiligeuze. Linaangalia nje. Yaani umeketi, mechi iko nyuma yako, mbele ni shamba la mahindi la jirani. Unasikia watu wakipiga kelele za goli na huruhusiwi kugeuka.

Wakuu, afadhali jela.

Anayetuma mtu huko ni refa. Na marefa wa mechi za watoto ni sisi wa timu kubwa, kwa zamu. Yangu ikifika huwa nafurahi vibaya. Nishatuma baba za watu. Nishatuma muuza miwa. Nilituma mpaka mwalimu wangu wa Hesabu, na siku hiyo nililala nikicheka.

Sasa Jumamosi moja watoto wetu walicheza na watoto kutoka Kyumbi, mimi na filimbi. Wiki hiyo Kochi alikuwa anachagua timu kubwa ya kwenda tonamenti Mlolongo, na hakuwa amenitaja bado. Hiyo safari niliitaka kuliko nyama ya Krismasi. Kwa hivyo nilikuwa na adabu ya kanisani.

Kipa wetu ni Kioko, katoto kadogo, glavu zinamfika kwa kiwiko. Mpira ukaja polepole, mpira ambao mamangu angedaka akiwa na sufuria mkononi. Ukapita katikati ya miguu yake. Goli.

Nikasikia sauti: "Kioko! Wewe ni kipa ama ni mti? Mjinga wewe!"

Nikageuka nione ni baba ya nani.

Ni Kochi Mutiso.

Kioko akavua glavu, akaziweka chini, akaanza kutembea akienda kwao. Hata halii. Hiyo ndiyo iliniuma.

Wazazi wote wananiangalia. Beki wetu mmoja mdogo akauliza kwa sauti, "Refa, si hata yeye?"

Nikawaza Mlolongo. Nikawaza kujifanya nimeingiwa na mdudu kwa jicho. Niliona kabisa wenzangu wakipanda gari na mimi nimebaki barabarani nikiwapungia mkono.

Lakini nikinyamaza, ni nani mwingine ningemtuma huko tena?

Nikapuliza filimbi. Ilitoka kama kifaranga kimenyeshewa. Nikanyoosha mkono kwa benchi.

Mzazi mmoja akaniambia, "Wee kijana, huyo ni kochi wako!"

"Mwache," Kochi akasema. "Refa ameamua."

Lakini kwanza alimfuata Kioko, akachuchumaa mbele yake, sote tukisikia. "Mwana wakwa, mwanangu, nimekukosea. Hilo neno halikufaa kutoka kwa mdomo wangu. Rudi ucheze, mimi ndio natoka."

Kioko akamwangalia. "Utakaa mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Na usigeuke."

"Sitageuka."

Kioko akaokota glavu zake. Kochi akaenda kuangalia mahindi.

Watoto wakajipanga wenyewe, kelele kama soko. Tukafungwa lingine, tukarudisha moja. Halafu Kioko akadaka kombora, uwanja mzima ukaruka, na shingo ya Kochi ikatetemeka kama inavutwa na kamba. Haikugeuka.

Tulipoteza mechi. Watoto walienda nyumbani wakiimba, sijui walielewa matokeo vipi.

Mazoezi yaliyofuata Kochi akataja timu ya Mlolongo. Mimi: sub. Nikamvuta kando.

"Kochi, ni juu ya Jumamosi?"

Akaniangalia kama nimemtusi. "Jumamosi ulifanya kazi yako kuliko mimi. Uko sub kwa sababu ukipoteza mpira unasimama unashika kiuno. Rudi nyuma ukabe, kijana."

Wakuu, iliuma. Iliuma juu ni ukweli, mimi hushika kiuno kama mama anayengoja maji. Lakini nilienda nyumbani nikiwa mwepesi. Angeniacha kabisa, ningejua ni kisasi. Angenianzisha, ningejua ni asante. Yeye aliangalia tu vile nacheza.

Hiyo ndiyo nimeshika: kiongozi wa ukweli, sheria yake inamfika hata yeye, na hampi mtu jezi wala kumnyima kwa sababu ya mambo yao wawili.

Mlolongo niliingia kipindi cha pili. Nilikaba mpaka misuli ikanishika, na Kochi akapiga makofi.

Haya, na kwenu je? Kuna kochi, mwalimu ama mwenyekiti mmeona akimwomba mtoto msamaha mbele ya watu? Tupieni hapa chini nisome. Na wewe mwenye utaandika eti hii ni hadithi ya kutunga, karibu Jumamosi. Usije tu ukamfokea mtoto, zamu ni yangu.